Ulimi wa mkanda: kwa nini kamera kuukuu ya kufunguliwa kitako hudai mkasi kabla ya picha

Kamera ya Leica ya miaka ya 1930, au Zorki iliyotengenezwa enzi za Usovieti, ikimfikia mwenyewe mpya, maswali huwa yale yale. Mgongo haufunguki, sasa mkanda unaingilia wapi? Kitako kikitolewa na mkanda ukasukumwa ndani, unakwama. Je, kamera ni mbovu? Halafu anatokea mtu anasema mkanda sharti ukatwe kwa mkasi kwanza, na mwingine anamjibu kwamba hizo ni hadithi za wazee, kwani yeye ametia mikanda kumi bila kukata na kamera bado inapiga.

Anayesema ukate yuko sahihi. Yule wa mikanda kumi naye hasemi uongo, ila kamera yake anaidai bahati, na bahati hiyo ina siku yake ya mwisho. Ili ijulikane kwa nini, ni lazima kwanza vitu vipewe majina, maana nusu ya mabishano haya ni ya watu wawili wanaotaja kitu kimoja kwa majina mawili, au vitu viwili kwa jina moja.

Majina kwanza

Mkanda ni ile filamu yenye upana wa milimita 35, iliyotobolewa matundu kwenye kingo zote mbili. Kaseti ni kile kikopo ambamo mkanda umeviringwa. Ina mdomo mwembamba uliotandikwa kitambaa cheusi cha mahameli ili mwanga usipenye. Upande mmoja wa kaseti umechomoza kijiti kinene. Upande wa pili ni bapa, na ukichungulia katikati yake utaona kipingo kidogo ambacho uma wa kamera hukishika wakati wa kurudisha mkanda.

Ulimi ni ule mwanzo wa mkanda unaoning'inia nje ya kaseti, uliopunguzwa upana kwa mkato wa kiwandani. Mahali ulimi unapokoma na mkanda kuanza kuwa na upana wake kamili tupaite bega. Neno hilo ulishike vizuri, kwa sababu ugomvi wote ni wa mahali bega linapokuwa wakati mkanda unaingia kwenye kamera.

Spuli ni kile kigogo cha upande wa pili ambacho mkanda hujiviringa kila unapovuta picha mpya. Kwenye kamera hizi spuli inachomoka kabisa, na ndiyo maana inapotea sana. Kitako ni kifuniko cha chini. Dirisha la picha ni tundu la mstatili, milimita 24 kwa 36, ambapo mwanga hugonga mkanda. Mbele yake kuna mapazia mawili ya kitambaa yanayokimbizana kufungua na kufunga mwanga, na nyuma yake kuna bamba la kubana, kipande cha chuma chenye springi kinachoukandamiza mkanda ukae bapa.

Na renjifainda, jina ambalo kamera hizi huitwa mara nyingi, ni nini? Ni kamera inayokupimia umbali kwa picha mbili. Ukichungulia unaona kitu kimoja kikiwa viwili. Unazungusha lenzi mpaka viwili vilaliane viwe kimoja, na hapo picha itatoka kali. Haina kioo cha ndani kinachopanda na kushuka kama zile kamera kubwa za SLR. Lakini tuwe wazi mapema: kukatwa kwa ulimi hakuna uhusiano wowote na renjifainda yenyewe. Kunahusu mlango. Zipo renjifainda nyingi zisizotaka mkasi kabisa, na hata Leica ya kwanza, iliyouzwa bila renjifainda ndani yake, ilidai ulimi mrefu vilevile.

Kasha lisilo na mlango wa nyuma

Leica ilionyeshwa hadharani mwaka 1925 kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, Ujerumani. Aliyeibuni ni Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Ernst Leitz mjini Wetzlar. Alichukua mkanda wa sinema wa milimita 35 na kuulaza ubavu, akazidisha ukubwa wa picha mara mbili, ndipo zikapatikana zile milimita 24 kwa 36 tunazotumia mpaka leo. Kila picha hula matundu 8.

Mwili wa kamera ile ni kasha lenye ncha za mviringo, limezibwa pande zote isipokuwa chini. Faida yake iko wazi: kasha lisilo na mlango wa nyuma halina bawaba ya kulegea wala sponji ya kuoza na kuvujisha mwanga. Ndiyo maana zipo zenye umri wa miaka themanini na ushee ambazo bado hazivujishi. Gharama yake ni kwamba huwezi kuulaza mkanda juu ya dirisha la picha kwa kuuona. Unauteremsha kwa chini, ndani ya mwanya mwembamba kati ya bamba la kubana na fremu ya dirisha, bila kuona unachokifanya.

Fikiria droo ya kabati. Ukiilenga kwenye reli zake kwa mbele na kuisukuma, inateleza mpaka ndani. Sasa jaribu kuiingiza droo hiyo hiyo kwa kuipandisha kutoka chini, ikwepe reli zote mbili na kutua mahali pake. Itagonga kila ukingo. Mkanda kwenye kamera ya kitako uko hivyohivyo. Njia yake ya haki ni ya ubavuni: utoke kwenye mdomo wa kaseti, uteleze chini ya bamba, upite juu ya gurudumu la meno, uishie kwenye spuli. Ukisukumwa kutoka chini ukiwa na upana kamili, ukingo wake wa mbele unakutana na ukingo wa bamba, kisha pembe za dirisha, kisha meno ya gurudumu, na vyote hivyo havikuumbwa kupokea kitu kutoka upande huo.

Hapo ndipo ulimi mrefu unapofanya kazi yake, na kazi yenyewe ni mbili. Kwanza, ulimi una upana pungufu, na sehemu iliyokatwa ndiyo inayotangulia kuzama ndani. Kwa hiyo kinachopita dirishani wakati wa kutia ni ukanda mwembamba unaobaki karibu na kitako, usiofika kwenye zile kona za juu. Pili, kwa kuwa ulimi ni mrefu wa kutosha kufika kwenye spuli, bega linabaki pale pale mdomoni mwa kaseti. Ukianza kuvuta, upana kamili unatoka ukiwa tayari kwenye kimo chake sahihi, unaingia chini ya bamba kwa ubavu, kama droo iliyokaa kwenye reli.

Ulimi wa mikanda ya leo una urefu wa sentimita 4 hivi. Kutoka mdomo wa kaseti hadi kwenye spuli ni mbali zaidi ya hapo. Matokeo yake bega linakuwa katikati ya safari, na sentimita kadhaa za mkanda wenye upana kamili inabidi zisukumwe kwa chini. Hesabu ni hiyo tu, hakuna siri nyingine.

Kwa nini basi viwanda vikaufupisha

Hapo mwanzo mpiga picha alijikatia mwenyewe. Mkanda ulinunuliwa kwa mita, ukatiwa gizani ndani ya kaseti za shaba za Leica, na Leitz iliuza kiolezo cha chuma kiitwacho ABLON: unabana mkanda katikati yake kama mkate na siagi, unapitisha kisu pembeni, ulimi unatoka na umbo lake kamili. Mwaka 1934 Kodak ilileta kaseti iliyotiwa mkanda tayari kiwandani, ya kutumika mara moja, pamoja na kamera ya Retina iliyotengenezwa Stuttgart. Ni kaseti ile ile tunayoinunua leo. Kwa miaka mingi viwanda viliendelea kuukata ulimi mrefu, kwa kuwa wateja wa Leica na binamu zake walikuwa wengi. Kamera za mgongo wa kufunguka zilipotawala soko, ulimi mrefu haukuwa na wa kuuhitaji, ukafupishwa.

Mkanda wenyewe haujabadilika. Upana ni ule ule, matundu ni yale yale, nafasi kati ya tundu na tundu ni milimita 4.75 kama zamani. Anayekwambia kwamba kamera ya 1938 haikubali mkanda wa leo amechanganya mkanda na ulimi.

Kukata

Unahitaji mkasi mkali wa ncha ndogo, rula, na meza safi. Giza halihitajiki, kivuli cha chumbani kinatosha, kwani sehemu unayoikata itaunguzwa na mwanga kwa vyovyote. Epuka tu jua la moja kwa moja.

Vuta mkanda utoke kiasi cha sentimita 12 kutoka mdomo wa kaseti. Mkato wa kiwandani utauona: ukingo mmoja mnyoofu wenye matundu, mwingine umeliwa. Unachofanya ni kuurefusha mkato huo huo, kwa mstari ule ule, mpaka sehemu nyembamba iwe na sentimita 10 tangu nchani. Usiyeamini rula hesabu matundu kwenye ukingo mnyoofu: 21 ni sawa na sentimita 10 kasoro kidogo. Matundu mawili yakizidi si neno. Yakipungua, bega linaanza kusogea kuelekea dirishani na umerudi ulikotoka.

Mwisho wa mkato ndio penye ufundi. Usiukate mkanda kwa pembe ya mraba kama herufi L. Zungusha mkasi taratibu ili bega liwe na mteremko, kama mkato wa kwapa la shati, maana bega la mraba ndilo litakalogonga ukingo wa bamba siku ya kwanza. Na hapo mkasi unapotokea kwenye ukingo wa mkanda, hakikisha unapita katikati ya matundu mawili, kwenye ule ukuta mzima, na si ndani ya tundu. Tundu lililokatwa nusu linaacha kijino kinachoelekea mbele. Kijino hicho kikinasa, ama kinauzuia mkanda ama kinavunjika, na kikivunjika kinabaki ndani ya kamera.

Kagua ukingo mpya kwa kucha ya kidole. Ukisikia kikwaruzo, kipunguze. Kona mbili za nchani ziondoe kidogo kwa mshazari, kisha pangusa uchafu wa mkato kwa kitambaa kikavu. Mkanda ulioharibika, ule uliokwisha kusafishwa ukatoka mtupu, ni mwalimu mzuri: kata ulimi mara nne au tano kwenye huo kabla ya kuugusa mkanda wa fedha.

Kutia

Geuza kamera kichwa chini. Zungusha ufunguo wa kitako, kitoe. Ndani ya kamera nyingi za aina hii utakuta mchoro mdogo wa njia ya mkanda pamoja na umbo la ulimi. Uangalie, una faida kuliko maelezo ya kurasa tatu. Chomoa spuli kwa kuivuta.

Spuli ina ulimi wake wa chuma, springi bapa iliyobana kigogo. Ncha ya mkanda inaingia chini ya springi hiyo, na ukingo wenye matundu unagusa kabisa sahani ya mwisho ya spuli. Ukiuacha umekaa upande, mkanda utajiviringa kwa mshazari na kupanda juu ya sahani. Usikunje ncha ukidhani unaikaza. Mkunjo unanenepesha mahali pale na unaweza kukatika wakati wa kuvuta. Springi ikiwa imelegea, itoe na kuikandamiza taratibu kwa kidole. Ni chuma chembamba, haitaki koleo.

Sasa shika kaseti kwa mkono mmoja na spuli kwa mwingine, kijiti cha kaseti kikikuelekea wewe, na mkanda kati yake ukiwa umenyooka bila kukazwa sana. Viingize vyote viwili kwa pamoja. Mkanda utashuka wenyewe kwenye mwanya. Pale penye ugumu usisukume. Toa kidogo, tikisa, rudisha. Mkanda uliokatwa vizuri huingia kwa uzito wa kidole kimoja. Ukihitaji nguvu, kuna kitu kimekaa vibaya, na kitu hicho mara nyingi ni bega.

Vikishakaa, tazama gurudumu la meno lililo kati ya dirisha na spuli. Ukingo wa mkanda unaouona unapaswa kuwa na meno ndani ya matundu. Kama meno yamesimama juu ya ukuta kati ya matundu, zungusha nobu ya kuvutia kidogo mpaka yaingie. Kisha ubonyeze mkanda na kaseti mpaka vifike mwisho. Kosa la kuviacha vimeinuka milimita moja au mbili utaliona baada ya kusafisha: safu ya matundu imeingia ndani ya picha upande mmoja, kama nyuso zimepigwa kupitia uzio.

Rudisha kitako, funga ufunguo. Kwa wenye kaseti za shaba za Leica, ufunguo huo huo ndio unaoufungua mdomo wa kaseti ndani, kwa hiyo mkanda haukwaruzi popote. Ni ubunifu mtamu, ingawa kaseti hizo leo ni za kutafutwa kwa tochi.

Sasa jambo linalookoa mikanda mingi kuliko yote. Zungusha nobu ya kurudishia kwa mwelekeo wa mshale wake, taratibu, mpaka usikie imegota. Hapo umeondoa ulegevu ndani ya kaseti. Vuta picha mpya huku jicho lako likiwa kwenye nobu hiyo hiyo: ni lazima izunguke kinyume cha mshale. Fyatua, vuta tena, itazame tena. Ikizunguka, mkanda unasafiri. Ikisimama tuli, ulimi umechomoka kwenye spuli na utapiga picha 36 za hewa. Baada ya mivuto miwili weka kihesabio kwenye sifuri kwa mkono, kwani kwenye Leica II na III hakijirudishi chenyewe.

Njia za mkato

Zipo mbili zinazosifiwa, na zote zinafanya kazi, ndiyo sababu hazifi.

Ya kwanza ni ya kadi. Kipande cha plastiki laini kinateremshwa kwanza ndani ya mwanya, kikafunika dirisha la picha. Mkanda wenye ulimi mfupi unapitishwa kati ya plastiki na bamba la kubana, unateleza bila kuziona kona, kisha plastiki inavutwa. Ukiwa na mkono mwepesi ni njia nzuri. Ila plastiki ngumu yenye kona kali ikielekea upande usio wake, inakwenda kwenye pazia.

Ya pili ni ya kutoa lenzi, kufungua mapazia kwa B au T, yaani zile kasi zinazoyaacha wazi, kisha kuusaidia mkanda kwa kidole kupitia mbele. Hii mimi siipendekezi kwa mtu yeyote. Kidole kikiteleza kwenye kitufe, pazia linafunga juu ya kidole na mkanda kwa pamoja. Mapazia haya ni kitambaa chenye mpira, mengine yamezeeka mpaka yameanza kukakamaa, na kuyabadilisha ni kazi ya fundi, wala si kila mji una fundi huyo.

Sasa turudi kwa bwana wa mikanda kumi. Anapousukuma mkanda mfupi kwa nguvu na ukaingia, mara nyingi umeingia kwa kujikwaruza. Kila mkwaruzo unaweza kumega kijipande cha ukingo, kidogo kuliko punje ya mchele. Kijipande hakipigi kelele. Kinalala chini ya kasha, na siku moja kamera inapogeuzwa kinasafiri mpaka kwenye roli za pazia au gurudumu la meno. Pazia linaanza kuchelewa, au linasimama katikati, au linachanika. Mwenye kamera atasema imeharibika kwa uzee.

Mkanda wenye mgongo wa poliesta, kama Rollei Retro 80S, unataka tahadhari zaidi. Mkanda wa kawaida wa asetati, mfano Ilford HP5 Plus au Kodak Tri-X, ukinaswa huchanika, na hasara inaishia hapo. Poliesta haichaniki kirahisi. Kinachoshindwa ni meno au gia. Tena mgongo wake mwangavu hupitisha mwanga kwa urefu kama bomba, kuanzia kwenye ulimi hadi ndani ya kaseti, kwa hiyo huo utie mahali penye giza zaidi.

Mawili matatu yanayosemwa ovyo

Inasemwa kwamba ulimi mrefu unakula picha. Kila kamera ya mkanda hupoteza kile kipande kinachotoka kaseti hadi kwenye spuli. Ukirefusha ulimi unavuta sentimita 6 zaidi, na kila picha pamoja na nafasi yake inachukua milimita 38. Kwa hiyo katika mkanda wa 36 hasara haizidi picha moja au mbili, na pengine usione tofauti, kwani mikanda mingi ina ziada kidogo mwishoni.

Inasemwa pia kwamba kasi ya pazia yaweza kubadilishwa wakati wowote. Hili halihusu mkasi, lakini linaua kamera hizi hizi. Kwenye Leica za kitako nobu ya kasi huzunguka pamoja na pazia, na namba yake husomeka sahihi baada ya kuvuta tu. Vuta kwanza, chagua kasi baadaye, kila mara. Kwenye Zorki zenye kasi za polepole, kukiuka utaratibu huo kunaweza kuvunja mtambo.

Na usiiache kamera imelitazama jua huku lenzi ikiwa wazi. Hakuna kioo cha kulikinga pazia. Lenzi inalikusanya jua kwenye kitambaa kama mtoto anavyounguza karatasi kwa kioo cha kukuzia, na kitundu kidogo kama ncha ya sindano kitakuwa doa jeupe kwenye kila picha.

Ipi inataka mkasi, ipi haitaki

Zinazotaka: Leica ya 1925, ambayo lenzi yake haitoki, na zote za lenzi ya kufunga kwa skrubu zilizofuata, hadi IIIg ya 1957. FED ya kwanza ya Kharkov, iliyoanza 1934 kwa kuiga Leica II. Zorki ya kwanza ya Krasnogorsk pamoja na Zorki-S. Canon za kitako za kabla ya VT ya 1956.

Zisizotaka: FED-2 na Zorki-4, ambazo mgongo na kitako hutoka kwa pamoja, Contax za kabla ya vita na Kiev zilizotokana nazo, Canon P. Leica M3 ya 1954 na zilizofuata nazo hutiwa kwa chini, lakini nyuma zina kibamba kinachoinuka, unauona mkanda na kuunyoosha kwa kidole, hivyo ulimi mfupi unatosha.

Tahadhari moja kwa wanunuzi: Leica zile za dhahabu zenye tai na maandishi ya jeshi la Kijerumani ni FED na Zorki zilizovishwa nguo mpya, karibu zote. Hazina ubaya kama kamera ya kupigia. Ubaya uko kwenye bei, na ulimi zinautaka sentimita zile zile 10.

Ukiishika kamera ya namna hii dukani, fungua kitako kabla hujauliza bei. Spuli ipo? Bila spuli hakuna pa kufunga ulimi. Kisha weka T au B, fungua mapazia lenzi ikiwa imetolewa, na umulike ndani kwa tochi ya simu kutoka chini. Ukiona vijipande vyeusi au vya kijivu vyenye nusu tundu ubavuni, ujue mwenyewe wa zamani hakuwa na mkasi. Vigeuzie chini, gonga mwili kwa kiganja, pulizia kwa puto la mpira la kusafishia lenzi. Hewa ya kopo iache, inapiga kwa nguvu inayoweza kulisukuma pazia litoke kwenye njia yake. Na kikiwepo kimoja kilichonasa kwenye roli, kiache hapo hapo mpaka fundi akione.